KAZI IKIISHA TUULIZANE: MAFUNZO YA UJENZI KATIKA NJIA YA TABORA

Utangulizi

Katika nchi yetu siku ya kuzindua kazi imepewa heshima kubwa kuliko siku ya kuipima. Utepe hukatwa, ngoma hupigwa, jiwe la msingi huandikwa jina na tarehe, na wageni huondoka. Baada ya hapo mkandarasi hufunga mitambo yake, mhandisi huhamishiwa mkoa mwingine, mafaili hupelekwa masjala, na wananchi hubaki na daraja, bwawa au bomba lao. Miaka kumi ikipita, kazi nyingine ya namna ile ile huanzishwa mahali pengine, na wanaoianzisha hukuta makosa yale yale yanawangoja. Wahenga walisema kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mtu atajuaje kwamba anarudia kosa ikiwa lile la kwanza halikuandikwa wala kusimuliwa?

Katika makala hii tunataka kulitazama swali hilo kwa kupitia historia ya eneo moja, yaani Tabora na njia ya zamani ya misafara, tukianzia Kipalapala. Tumelichagua eneo hili kwa sababu katika muda wa miaka 150 hivi kazi za kila aina zimepita hapo: misheni, reli, mashamba ya matrekta, vijiji, visima na mabomba. Kila kazi ilikamilika au ilikatizwa, na kila moja ilipimwa kwa namna fulani. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kazi ilipimwa au haikupimwa. Hatuna budi kuuliza nani aliipima, aliuliza nini, na majibu yake yalikwenda wapi.

Kipalapala: jengo na hali ya nchi

Kipalapala iko nje kidogo ya mji wa Tabora. Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878 kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na katika miaka ya 1880 walijenga Kipalapala, mahali pa kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 misheni hiyo iliachwa. Haikuachwa kwa sababu kuta zilikuwa mbovu. Iliachwa kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa katika msukosuko: Wajerumani walikuwa wanaingia kwa nguvu kutoka pwani, na Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na kila sababu ya kuwatilia shaka Wazungu waliojenga karibu naye. Mwaka 1925, wakati reli ilikuwa imekwisha kupita na utawala umebadilika mara mbili, Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo ilifunguliwa Kipalapala, nayo ikadumu.

Tofauti kati ya ujenzi wa kwanza na wa pili inatupa fundisho la kwanza. Jengo halisimami juu ya msingi wa mawe peke yake. Husimama pia juu ya uhusiano wake na watu waliolizunguka, njia zinazolifikia, na mamlaka inayolilinda. Fundi anayepima uimara wa ukuta bila kupima mambo hayo amepima nusu ya kazi.

Elimu ya wapagazi

Kabla ya reli, mali iliyotoka bara kwenda pwani ilichukuliwa vichwani na mabegani. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 au zaidi, na safari ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilichukua miezi miwili, mitatu, au zaidi, kutegemea msimu, njaa na vita. Hatusemi haya ili kuusifu mfumo ule. Katika njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo, na faida kubwa ya pembe za ndovu ilikwenda kwa matajiri wa pwani na wa ng'ambo. Tunasema haya ili kukumbusha kwamba wapagazi walikuwa na elimu ya njia. Walijua kisima kipi hukauka mwezi gani, mto upi huvukika asubuhi na usivukike jioni, na ni wakati gani wa mwaka si wa kuondoka.

Mfano mmoja unatosha. Ili kupanda kutoka uwanda wa Morogoro kwenda Ugogo, misafara mingi ilivuka uwanda wa Makata na kufuata bonde la mto Mkondoa. Wazoefu wa njia waliiogopa sehemu hiyo wakati wa masika. Mwaka 1871 Stanley aliipita wakati huo huo wa mvua akiwa njiani kwenda Tabora. Msafara wake ulihangaika katika maji na matope, na watu na wanyama wakaugua. Alizieleza habari hizo katika kitabu kilichosomwa sana Ulaya. Kwa hiyo, hata kabla ya mkoloni kupima ardhi ya reli, ilikuwa inajulikana kwa vinywa vya wapagazi na kwa maandishi ya wageni kwamba Makata na Mkondoa ni nchi ya maji.

Reli ya Kati: somo lililongoja miaka 100

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule ambao vita vya Maji Maji vilianza. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Urefu wake ni kilomita 1,252. Mkandarasi alikuwa kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, lakini matuta yaliinuliwa, mawe yalipondwa na mataruma yalilazwa kwa mikono ya maelfu ya Waafrika, na Wanyamwezi walikuwa wengi miongoni mwao. Wana wa wapagazi walijenga chombo kilichoua kazi ya upagazi.

Kwa macho ya mkoloni kazi hiyo ilikuwa ushindi. Maswali yake yalikuwa haya: zimejengwa kilomita ngapi kwa mwaka, kila kilomita imegharimu kiasi gani, askari watafika lini kwenye maziwa, na mazao yatashuka pwani kwa bei gani. Kwa maswali hayo alipata majibu mazuri. Lakini palikuwa na maswali ambayo mwenye mali hakuwa na haja ya kuyauliza. Je, mkulima wa Unyanyembe atapata nini zaidi ya kazi ya kibarua? Je, baada ya mvua za miaka 20 mto utafanya nini?

Katika sehemu ya Kilosa kwenda Gulwe reli ililazwa katika bonde la Mkondoa, lile lile walilolijua wapagazi. Kwa mhandisi anayetafuta mpando usio mkali hilo lilikuwa jambo la akili, kwa maana mto umekwisha kukata njia katika milima. Lakini mto huo haukutulia mahali pamoja. Kadiri miti na majani yalivyopungua kwenye vilima vya juu, mchanga mwingi zaidi ulishuka, ukajaza kina cha mto, na maji yakatafuta njia nyingine. Njia iliyokuwa tayari ilikuwa tuta la reli. Vizazi vya wafanyakazi wa reli vimetumia masika kwa masika kurudisha tuta mahali pale pale lilipochukuliwa. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliharibu sana. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, ambayo pamoja nayo bwawa la Kidete lilibomoka, yalifunga njia kwa miezi kadhaa. Tabora na Kigoma zikakatwa na bandari, na mchuuzi, mgonjwa na mwanafunzi wakalipa gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu yoyote ya ujenzi.

Tujiulize: je, katika miaka hiyo yote hapakuwa na mtu aliyejua? Waliojua walikuwapo. Genge la wafanyakazi wa njia lilijua kila kalvati lililo dogo. Wenyeji walijua mto ulihama lini. Lakini ujuzi wa genge haukuwa na njia ya kupanda hadi kwenye meza ya mchoraji. Kila ukarabati ulihesabiwa kuwa dharura, na dharura haiandikiwi mafunzo. Uchunguzi mkubwa wa bonde zima ulifanywa baada tu ya maafa ya 2009 na 2010.

Reli mpya ya kisasa iliyoanza kujengwa mwaka 2017, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imeikabili milima ya Kilosa kwa namna nyingine. Imeinuliwa juu ya mkondo wa mafuriko na kupitishwa katika mahandaki manne. Hapo ndipo somo la Mkondoa lilipoingia katika mchoro, zaidi ya miaka 100 baada ya tuta la kwanza. Hilo ni jambo la kushangilia. Lakini pia ni kipimo cha hasara, kwa maana nchi maskini haiwezi kusubiri karne moja kila mara inapotaka kujifunza jambo moja. Wala handaki halimalizi kisa. Mchanga bado unashuka kutoka vilimani, na kazi ya kuvitunza vilima hivyo si ya watu wa reli peke yao. Ni ya kijiji, ya wilaya, ya mfugaji na ya mkulima.

Karanga za Urambo

Tukitoka Tabora kwa reli kuelekea Kigoma tunafika Urambo, nchi iliyopewa jina linalokumbusha dola ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Hapa palifanyika kazi moja ambayo kila mpanga mipango angepaswa kuisoma kabla ya kushika kalamu.

Baada ya vita vikuu vya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege. Ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe kwa mitambo na kupandwa karanga. Gharama ilikisiwa kuwa karibu pauni milioni 25. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa Tanganyika, na vituo vyake vilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947 kwa haraka ya kijeshi. Matrekta yalikusanywa kutoka masalio ya vita, mengi yakiwa yamekwisha kuchoka, na vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Bandari na reli vilielemewa kabla shamba halijaanza. Katika msimu wa kwanza ekari 150,000 zilikuwa zimepangwa. Zilizopandwa ni kama 7,500 tu. Udongo wa Kongwa, ulio laini wakati wa mvua, uligeuka mgumu kama saruji wakati wa jua, na karanga zikakwama humo. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa. Zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Na tuseme wazi kwamba karanga hazikuwa ngeni katika nchi hii. Wanyamwezi na Wagogo walikuwa wakizilima kwa jembe la mkono, pamoja na nafaka zao, kabla trekta la kwanza halijashushwa bandarini. Walijua zinamea katika udongo gani na mvua hukatika lini. Mtu aliyetaka kujua angeweza kukaa misimu miwili na mkulima mmoja. Lakini ubeberu humtazama mkulima kama nguvu ya mikono, haumtazami kama mwenye elimu. Akaitwa kufyeka, hakuitwa kushauri. Hata madai yake ya mshahara yalisikika pale tu vibarua wa Kongwa walipogoma mwishoni mwa mwaka 1947.

Je, kazi hii ilipimwa? Ilipimwa sana. Bunge la Uingereza lilijadili, magazeti yaliandika, vitabu vilitungwa. Lakini swali kubwa lilikuwa la walipa kodi wa Uingereza na la vyama vyao: nani alaumiwe kwa fedha zilizopotea? Wananchi wa Tanganyika walionyang'anywa ardhi, waliobomolewa misitu na kuachiwa vyuma chakavu, hawakuwa wajumbe katika kikao chochote. Reli ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya Nachingwea iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, na hapo pia wengine ndio waliopanga na wengine wakabaki na matuta matupu.

Urambo yenyewe haikufa. Kuanzia miaka ya 1950, chini ya shirika la kilimo lililorithi mabaki ya mpango ule, wakulima wadogo walipewa mashamba ya tumbaku. Kazi hiyo ilipoonekana imefaulu, ikaenezwa. Na hapa tunakuta kosa la aina nyingine. Mradi ulioshindwa huchunguzwa, lakini mradi uliofaulu huachwa. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kila bani linataka miti yake kila mwaka. Kwa vile mavuno yalipanda na fedha zilionekana, swali la miombo liliulizwa kwa sauti ndogo na kwa kuchelewa. Basi fundisho la Urambo ni mawili. La kwanza, anza kidogo ukaulize wenyeji. La pili, pima pia kile kinachosifiwa.

Sisi wenyewe: vijiji na maji

Ingekuwa rahisi kuishia kwa mkoloni. Lakini kujikosoa kunakowahusu wengine tu si kujikosoa. Baada ya Uhuru sisi wenyewe tumejenga, na baadhi ya makosa tuliyoyaona kwa mkoloni tumeyatenda kwa nia njema.

Mfano wa kwanza unatupa moyo. Mpango wa makazi mapya uliokuwa ukitumia mitambo na fedha nyingi kwa familia chache ulitazamwa upya mwaka 1966, na Serikali ikaamua kutoendelea kuanzisha makazi mengine ya namna hiyo. Mambo yaliyoonekana humo, kwamba mitambo hailetei mtu moyo wa kujitegemea, yalionekana wazi katika fikra zilizofuata mwaka 1967. Huo ni upimaji uliozaa mwelekeo mpya.

Mfano wa pili una uchungu. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji kuwe kwa lazima ifikapo mwisho wa 1976. Mwalimu Nyerere alipoandika mwaka 1977 tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wamehesabiwa vijijini, na yeye hakuficha kwamba palikuwa na mafanikio na pia kushindwa. Shule na zahanati zilifika mahali ambapo zisingefika. Lakini katika sehemu nyingi mahali pa kijiji palichaguliwa kwa kufuata barabara, si kwa kufuata maji na udongo, na watu walihamishwa kwa haraka kabla kisima hakijachimbwa. Mzee aliyeacha miembe yake na makaburi ya wazazi wake hakuulizwa. Hapo tulisahau fundisho la karanga.

Mfano wa tatu ni wa maji. Mwaka 1971 nchi iliweka lengo kwamba katika miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Lilikuwa lengo la heshima, na visima na mabomba mengi yalijengwa. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa halijafikiwa, na sera mpya ya maji ikatungwa. Kwa nini? Kila mkoa ulisaidiwa na wafadhili wake, na kila mfadhili alileta pampu za kwao. Fedha za kigeni zilipoadimika, dizeli na vipuri vikakosekana, na pampu zikanyamaza. Kasi ya kujenga ilihesabiwa katika taarifa, kasi ya kuharibika haikuhesabiwa. Mwanamke aliyerudia kuchota maji mtoni, akipita karibu na bomba jipya lililokauka, ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kweli wa mradi ule, lakini hakuwa na fomu ya kujaza. Jirani zetu wa Shinyanga, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, walijenga kwa msaada wa Uholanzi visima vifupi vyenye pampu za mkono, na ujuzi uliopatikana pale ukahamishiwa Morogoro. Pampu ya mkono si kitu cha fahari, lakini mtu wa kijijini aweza kuifungua na kuifunga.

Ulyankulu na Mishamo

Katika mkoa huu wa Tabora upo mfano mmoja ambao hautajwi vya kutosha. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalileta makumi ya maelfu ya wakimbizi nchini. Mojawapo ya makazi waliyojengewa lilikuwa Ulyankulu. Watu waligawiwa ardhi, barabara zikakatwa, shule zikajengwa, wakaanza kulima. Baada ya miaka michache ilionekana kwamba ardhi na maji ya Ulyankulu havikuwatosha watu wote waliowekwa pale. Wahusika hawakulificha jambo hilo mpaka njaa ilitangaze. Kuanzia mwaka 1978 sehemu kubwa ya wakazi ilihamishiwa makazi mapya ya Mishamo katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo, ambako vijiji vilipangwa kwa kutawanywa ili kila kimoja kiwe na ardhi na maji yake.

Kuhamishwa mara ya pili ni adha kubwa kwa mtu ambaye tayari amepoteza nchi, na hatutaki kuipamba. Lakini tutazame kilichotokea kama wajenzi. Kazi ya kwanza ilipimwa ikiwa bado mbichi. Swali lililoulizwa lilikuwa la maisha: maji yanatosha watu wangapi? Na jibu liliingia moja kwa moja katika ramani ya kazi iliyofuata. Reli ya Mkondoa ilingoja miaka 100, Ulyankulu ilingoja miaka sita hivi. Wakazi wa makazi hayo hawakubaki wageni daima, kwani wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania.

Namna ya kupima kazi

Kutokana na historia hiyo tunaweza kutaja mambo ambayo kila upimaji wa kazi iliyokwisha hauna budi kuyazingatia.

Kwanza, kazi ipimwe na watu wa aina tatu: aliyeijenga, anayeitumia, na anayeitunza. Mkandarasi peke yake ataeleza jinsi alivyomaliza, mtumiaji peke yake ataeleza kinachokosekana, na fundi wa matunzo ndiye anayejua kile kinachovunjika kila mwaka. Taarifa isiyo na sauti ya genge la njia au ya mwenyekiti wa kamati ya maji ni taarifa ya upande mmoja.

Pili, upimaji usifanywe siku ya makabidhiano tu. Siku hiyo rangi ni mpya na kila pampu inafanya kazi. Kazi ipimwe tena baada ya masika mawili au matatu, wakati jua na maji vimekwisha kutoa maoni yao.

Tatu, upimaji si kesi. Mahali ambapo kila kosa lina hukumu, kila mtu hujifunza kuficha. Wizi na uzembe vina mahakama na vikao vyake. Lakini mhandisi aliyekadiria vibaya kina cha mto kwa sababu hakuwa na vipimo vya mvua lazima aweze kusema hivyo bila kupoteza mkate wake, ama sivyo mwenziwe atakadiria vibaya tena. Vile vile kiongozi aliyeharakisha kazi ili iwahi sherehe akubali kuambiwa kwamba haraka yake ndiyo iliyopunguza saruji.

Nne, sifa zipimwe kama lawama. Tumbaku ya Urambo imetufundisha kwamba mafanikio ya leo yaweza kubeba deni la kesho.

Tano, na hili ndilo kubwa, hakuna mpango mpya upitishwe kabla wanaouleta hawajaonyesha wamesoma nini kutoka kazi zilizotangulia za namna hiyo, na wamebadili nini kwa sababu hiyo. Mafunzo yasiyobadili mchoro ni hadithi tu.

Hitimisho

Maneno haya hatuyasemi kwa ajili ya historia peke yake. Mwaka 2021 maji ya Ziwa Victoria yalizinduliwa Tabora, baada ya mji huo kutegemea kwa miongo mingi mabwawa yake kama Igombe na Kazima. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini mwishoni mwa mwaka 2021, na mwaka 2022 ikafuata mikataba ya Tabora kwenda Isaka na Tabora kwenda Kigoma, huu wa mwisho ukiwa wa kilomita 506. Tabora inarudia kuwa njia panda kama ilivyokuwa wakati wa misafara. Fedha zinazotumika humo ni nyingi, na sehemu kubwa ni mikopo ambayo watoto wetu wataendelea kuilipa. Kila tuta, kila daraja na kila kituo cha kusukuma maji ni darasa. Tukilifunga darasa hilo siku ya kukata utepe, tutakuwa tumelipa karo bila kuhudhuria.

Tumeanzia Kipalapala, na tumalizie huko. Jina la Kipalapala limejulikana nchini si kwa seminari tu, bali pia kwa kiwanda chake cha uchapaji. Vitabu vingi vya Kiswahili vilivyosomwa katika nyumba za wakulima vilitoka katika mitambo ya hapo. Taarifa nyingi za miradi yetu, kinyume chake, zimeandikwa kwa lugha ambayo genge la njia haliisomi, zikachapwa nakala chache, na zikafungiwa makabatini. Chuo cha Reli kipo Tabora, na wenye kuyajua makosa ya tuta la zamani bado wapo, ingawa wanazeeka. Kazi ya kuwauliza, kuandika maneno yao kwa Kiswahili chepesi, na kuyarudisha kwa wanaojenga leo haihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji daftari, uvumilivu, na viongozi wasioogopa kusikia.

Wapagazi wa Unyamwezi walipofika kambini jioni hawakulala kabla ya kuulizana habari za njia: wapi maji, wapi hatari, nani kabaki nyuma. Waliofuata kesho yake walitembea kwa majibu hayo. Sisi tunaojenga kwa chuma na saruji hatuna udhuru wa kujua machache kuliko wao.